Hivi jina peke yake lina kasoro gani? Uzi wa vyeo vinavyotangulia majina

Mpanga Herufi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuchapa kadi. Kadi za mfukoni, kadi za mwaliko, vibao vya majina vya kuweka mezani, ratiba za hafla. Nimeifanya miaka mingi kiasi kwamba mteja akiingia mlangoni nakisia kama kadi yake itanisumbua kabla hajafungua mdomo.

Upana wa kadi ya mfukoni hauzidi sentimita tisa. Ukitoa pembezoni unabaki na kama nane za kuandikia. Juzi alikuja mteja mmoja, mtu mstaarabu kabisa, akaniletea maandishi yake: Mheshimiwa, Dakta, Mhandisi, halafu jina, halafu mkia wa vifupisho saba vilivyotenganishwa kwa mkato. Nikapanga. Vyeo vikala mstari wa kwanza wote na nusu ya mstari wa pili. Nikapunguza herufi. Prufu ya kwanza, yaani nakala ya kujaribia, akaikataa: Dakta haiwezi kukaa nyuma ya Mhandisi. Nikageuza. Ya pili akaikataa: Mheshimiwa nimeikata kuwa "Mhe." na yeye analitaka neno zima. Kwenye prufu ya tatu ikabidi jina lishuke mstari wa tatu, kwa herufi ndogo kuliko zote zilizomo ukiacha namba ya simu. Akaitazama weee, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Hapo sasa."

Jina lake, lile ambalo mtu akiliita njiani anageuka, ndilo lililopewa nafasi finyu kuliko vyote. Swali langu: lina kasoro gani?

Sisemi mtu afiche alichosomea. Mgonjwa ana haki ya kujua anayemshika ni daktari au ni mpita njia. Naulizia urefu. Kwa nini kimoja hakitoshi? Na kwa nini, kwa uzoefu wangu wa mashine na karatasi, wale ambao hata mimi nawajua kwa kazi zao huja na kadi yenye jina na namba tu?

Nilidhani ni husuda zangu, mpaka nilipokutana na utafiti wa mwaka 2009 wa Cindy Harmon-Jones na wenzake. Walipitia tovuti za idara za vyuo vikuu Marekani. Idara zilizoshika nafasi za chini kwa ubora ndizo zilizojaza vyeo vya watu wake kwenye kurasa zao. Kisha wakaangalia mwisho wa barua pepe za maprofesa, pale mtu anapoweka jina lake. Waliochapisha makala chache, na ambao kazi zao hazinukuliwi sana na wenzao, ndio waliojaza vyeo zaidi. Nadharia yenyewe iliwekwa na Robert Wicklund na Peter Gollwitzer mapema miaka ya 1980: mtu akiona pengo kati ya anavyotaka kuwa na alivyo, hutafuta alama za kulijazia. Wahenga walishasema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ila wao hawakuhesabu barua pepe.

Kabla hamjaniletea Idi Amin: najua. Leteni tu, uzi ni wenu.


Kiti cha Nyuma

Nimekaa pale nasubiri Prof. Dk. Mhandisi waje kujitetea.


Kipaza Sauti

Mimi ni mshereheshaji, kwa hiyo naongea nikiwa na makovu.

Orodha ya meza kuu huletwa dakika tano kabla ya kuanza. Ikishaletwa wanakuja watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, kuninong'oneza marekebisho. "Yule si Dakta tu, ni Profesa Mshiriki." "Huyu usisahau Alhaji." "Yule wa kulia ni mstaafu, lakini usiseme mstaafu." Nikikosea jina la mtu, anacheka na kunisahihisha. Nikikosea cheo, ananuna mpaka shughuli inakwisha na bahasha yangu inachelewa.

Balaa linakuja pale kila msemaji anapoirudia orodha ileile kutoka juu mpaka chini. Msemaji wa saba anatumia dakika nne kusalimia na mbili kusema kilichomleta. Ndipo lilipotuokoa lile neno: itifaki imezingatiwa. Wanaojifunza lugha yetu hawajui thamani yake. Maneno mawili tu, umewaheshimu wote bila kumtaja hata mmoja. Lakini binadamu ni binadamu, jamani. Siku hizi mtu anataja vyeo vyote, mmoja baada ya mwingine, anavimaliza kabisa, halafu ndipo anasema "itifaki imezingatiwa".


Jalada Kuukuu

Mleta mada kaomba mwenyewe. Cheo alichojitwalia Idi Amin akiwa rais wa Uganda, kwa tafsiri yangu: Mheshimiwa Rais wa Maisha, Fildi Mashali Alhaji Dakta Idi Amin Dada, VC, DSO, MC, Bwana wa Wanyama Wote wa Nchi Kavu na Samaki wa Baharini, na Mshindi wa Dola ya Waingereza Barani Afrika kwa Jumla na Uganda Hasa. VC, DSO na MC ni herufi za nishani za kijeshi za Waingereza. Herufi CBE, ambazo kwa Waingereza ni nishani yao wenyewe ya dola, yeye alizigeuza zisomeke kwamba ameishinda dola hiyohiyo. Na udakta ulitoka Chuo Kikuu cha Makerere, ambacho mkuu wake wakati huo alikuwa ni yeye. Yaani mkono wa kulia ulitoa, wa kushoto ukapokea.

Jean-Bédel Bokassa hakubaki nyuma. Tarehe 4 Desemba 1977 alijivika taji, na cheo chake rasmi kikawa Mfalme Mkuu wa Afrika ya Kati kwa matakwa ya watu wa Afrika ya Kati, walioungana ndani ya chama cha taifa, MESAN. Mimi sijaona cheo kingine cha kifalme chenye jina la chama tumboni. Yeye na Amin waliangushwa mwaka mmoja, 1979.

Ninayempenda zaidi kwa somo hili ni Mobutu. Katika Zaire yake "Bwana" na "Bibi" za Kifaransa zilipigwa marufuku na kila mtu akaitwa "raia". Usawa mtupu. Wakati huohuo, mwaka 1972, yeye alitoka kwenye Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga.

Ila mleta mada, hapa nadharia yako ya pengo inahitaji kurekebishwa. Amin hakupungukiwa na nguvu, alikuwa nazo kupita kiasi. Alichokosa ni uhalali, maana aliingia kwa bunduki. Vyeo vilikuwa vinajaza pengo hilo.


Bi Darubini

Nilitaka kupita kimya kimya lakini naona mnashangilia upande mmoja.

Nina shahada ya uzamivu, nimeitafuta kwa miaka sita. Katika mkutano mmoja wa kitaaluma tulikaa watatu mezani, wote tuna uzamivu. Mwendeshaji akatutambulisha: "Dakta fulani, Profesa fulani, na dada yetu fulani." Dada yetu. Na mtoa mada mkuu siku hiyo nilikuwa mimi. Ukumbi haukushtuka, kwa sababu hakuna aliyeona kilichotokea. Kwa dakika kumi za mwanzo nilikuwa najibu maswali ambayo wenzangu wawili hawakuulizwa: umesomea wapi, msimamizi wako alikuwa nani, hizi takwimu nani alikusaidia.

Mnadhani ni hisia zangu? Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha hesabu ya namna wasemaji wanavyotambulishwa kwenye mihadhara ya madaktari. Mwanamke akimtambulisha mwanaume, alitaja cheo chake mara 95 katika kila 100. Mwanaume akimtambulisha mwanaume mwenzake, mara 72. Mwanaume akimtambulisha mwanamke, mara 49. Wote hao ni watu wa shahada zilezile.

Kuna kisa kingine nataka mkisome taratibu. Mwaka 1963, mjini Gadsden, Alabama, mwanaharakati Mweusi aitwaye Mary Hamilton alisimama kizimbani. Mwendesha mashtaka akawa anamwita "Mary", kama ilivyokuwa desturi ya huko kwa mashahidi Weusi. Mashahidi Weupe waliitwa Bwana na Bi. Akakataa kujibu swali lolote mpaka aitwe Bi Hamilton. Hakimu akamtia hatiani kwa kuidharau mahakama: siku tano jela na faini ya dola 50. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1964 iliifuta hukumu hiyo.

Neno lililogombewa hapo ni "Bi". Si Dakta, si Profesa, si Mheshimiwa. Mwanamke alikubali kulala jela kwa silabi moja. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kunyimwa cheo chake, ambaye akiingia chumbani kila mtu anakisia kwamba ni mkubwa, kwake ni rahisi sana kusema "mimi niiteni jina tu".


Mpanga Herufi (mleta uzi)

Dada umenena... nisamehe, Dakta. Vidole vimenitangulia.


Kiti cha Nyuma

Umejirekebisha haraka kuliko prufu ya pili 😂


Mpanga Herufi (mleta uzi)

Nimestahili. Na nimeusoma tena ujumbe wake nikaona kosa langu. Niliweka kapu moja watu wawili tofauti: anayedai kile ambacho wenzake wenye sifa kama zake wanapewa bila kuomba, na anayedai zaidi ya alichonacho. Kadi zao zinaweza kufanana kabisa mezani kwangu. Mimi naona herufi tu, sioni alikotoka nazo.

Mteja wangu wa vifupisho saba sijui yupo kundi gani. Sikumuuliza.


Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi. Mnajadili heshima, mimi nataka kuzungumzia hatari.

Mwaka 1966 Charles Hofling na wenzake walifanya jaribio hospitalini Marekani. Muuguzi yupo zamu, simu inalia, sauti ya mtu asiyemjua inasema ni Dakta Smith, anaagiza mgonjwa fulani apewe miligramu 20 za dawa fulani, fomu atakuja kusaini akifika. Lebo ya chupa inasema kiwango cha juu ni miligramu 10. Taratibu za hospitali zinakataza maagizo ya simu ya namna hiyo. Wauguzi 22 walipigiwa. Waliokuwa tayari kutoa dawa ni 21, wakazuiwa wakiwa njiani kuelekea kwa mgonjwa. Dawa yenyewe ilikuwa ya bandia, isiyodhuru.

Hakuna aliyeiona sura ya huyo Dakta. Hakuna aliyeona koti jeupe. Neno moja lilipita kwenye waya wa simu likatosha.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji, liliweka jambo ambalo watu hulidharau: kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi anayoifanya. Jina na kazi, basi. Nimekuwa kwenye vyumba ambako hilo linafanyika na vyumba ambako halifanyiki, na tofauti naijua masikioni. Pale ambapo msaidizi mdogo ameshasikia sauti yake mwenyewe ikitaja jina lake, anaweza kusema "pamba moja haijatoka". Pale ambapo kuna "Profesa" na wengine wote ni "wewe", anameza mate.

Bi Darubini, nakubaliana nawe kuhusu utambulisho. Ila mezani kwa upasuaji sitaki cheo cha mtu kiwe kizito kuliko kinachoonekana kwa macho.


Kiti cha Nyuma

Na kirefu kuliko. Kuna jaribio la Paul Wilson, Australia, mwaka 1968: mgeni mmoja, madarasa tofauti. Huku anatambulishwa kama mwanafunzi, kule kama mhadhiri, kwingine kama profesa. Akitoka, wanaulizwa wakadirie urefu wake. Kila cheo kilivyopanda, naye alirefuka. Profesa alimzidi mwanafunzi kwa kama sentimita sita. Mtu yuleyule!


Fomu Namba Tatu

Nipo rasilimali watu, niwape siri ya ndani ambayo pengine si siri: cheo ni mshahara wa bure.

Mfanyakazi anaomba nyongeza. Bajeti haipo. Unafanyaje? Unampandisha kutoka Ofisa kuwa Ofisa Mwandamizi, kesho kutwa Meneja Msaidizi Mwandamizi. Anakwenda nyumbani na furaha, wewe umetumia wino tu. Kwenye benki kubwa za uwekezaji za Marekani wamefika mahali "makamu wa rais" wapo kwa maelfu ndani ya kampuni moja. Mteja anapenda kuhudumiwa na mkubwa, basi kila mtu kafanywa mkubwa.

Lakini kuna sura mbaya zaidi. Sheria ya Marekani inataka mfanyakazi anayezidisha saa alipwe ovataimu, isipokuwa kama ni meneja na mshahara wake umevuka kiwango fulani. Kwa miaka mingi kilikuwa dola 455 kwa wiki. Mwaka 2023 watafiti Lauren Cohen, Umit Gurun na Bugra Ozel walichunguza matangazo ya kazi kuona vyeo vinavyobandikwa. Wakakuta kwamba mara tu juu ya kiwango hicho, vyeo vya kimeneja vinaongezeka kwa asilimia 485. Mtu wa mapokezi anaitwa Mkurugenzi wa Mwonekano wa Kwanza. Kuna Meneja wa Toroli la Chakula. Kuna Meneja wa Kusafisha Zulia! Kazi haijabadilika, zulia ni lilelile, kilichobadilika ni kwamba sasa akikaa mpaka usiku halipwi.

Mleta mada aliuliza jina lina kasoro gani. Kasoro yake ni kwamba mwajiri hawezi kukulipa kwa jina lako, unalo tayari.


Mwana wa Shule

Wakuu hamjagusa udakta wa heshima na ndio unaochafua hali ya hewa. Mtu kapewa joho Ijumaa, Jumatatu bango limebadilishwa. Sisi tuliokaa maabara tuseme nini?


Jalada Kuukuu

Mwana wa Shule, jambo hili lina historia ndefu na si ya aibu yote. Benjamin Franklin alikatishwa masomo akiwa mtoto wa miaka kumi. Chuo Kikuu cha St Andrews kilimpa udakta wa heshima mwaka 1759, na tangu hapo aliitwa Dakta Franklin. Nani atasimama kumwambia mtu yule wa radi na umeme kwamba hakustahili? Maya Angelou hakuwa na shahada ya kwanza, alikuwa na lundo la udakta wa heshima, na alitaka aitwe Dakta Angelou. Samuel Johnson, yule wa kamusi, alipewa udakta na Dublin mwaka 1765 na Oxford mwaka 1775, na dunia nzima inamwita Dakta Johnson.

Wakati huohuo walioupata "darasani" wametuonyesha mambo. Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, alijiuzulu Machi 2011 baada ya kugundulika kwamba tasnifu yake ilikuwa imenakili kazi za watu. Rais wa Hungaria, Pál Schmitt, akamfuata 2012. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Annette Schavan, na huyu alikuwa waziri wa elimu wa Ujerumani. Ni nchi ambayo Dk. huandikwa mpaka kwenye pasipoti, na kutumia cheo kisicho chako ni kosa la jinai.


Mwana wa Shule

Kwa hiyo unahalalisha?


Jalada Kuukuu

Hapana. Nasema ukitaka kujua kama mtu anastahili, joho halikusaidii, liwe la Ijumaa au la miaka sita. Itabidi usome alichoandika. Kazi hiyo ni ngumu, ndiyo maana tunapenda vyeo: vinatupunguzia kusoma.


Bi Darubini

Niongeze moja hapo. "Dakta" asili yake ni kitenzi cha Kilatini, *docere*, kufundisha. Maana yake ya kwanza ni mwalimu. Kiswahili chenyewe kilitenganisha vizuri: daktari anatibu, Dakta ni cheo. Lakini ukirudi kwenye mzizi, Julius Nyerere alipewa udakta wa heshima na vyuo kadhaa na bado watu wakamwita Mwalimu, kazi aliyoifanya Tabora na Pugu kabla ya siasa kumchukua. Mnaona kilichotokea? Alikuwa anaitwa Dakta kila siku, kwa maana yake ya zamani kabisa, na bila kifupisho.


Kiti cha Nyuma

Hii imenigusa. Swali la kizushi: kuna watu waliowahi kufurahi KUVULIWA cheo?


Zamu ya Usiku

Wapo. Madaktari wa upasuaji Uingereza. Zamani daktari alikuwa msomi wa chuo kikuu, mpasuaji alikuwa fundi aliyejifunza kwa kushika kisu, tena kwenye chama kimoja na vinyozi. Walitengana na vinyozi mwaka 1745. Mpasuaji aliitwa Bwana, na haikuwa sifa. Leo wote wanasoma udaktari kwanza, wanaitwa Dakta. Kisha wanapofaulu mitihani ya chuo cha wapasuaji, wanaivua Dakta na kurudi kuwa Bwana au Bi. Na ole wako umwite Dakta, kana kwamba umemshusha. Dharau ya miaka 300 iliyopita imegeuka kuwa nishani.


Fomu Namba Tatu

Kwa hiyo hata kutokuwa na cheo ni cheo 😂 hatutoki humu.


Jalada Kuukuu

Hatutoki, na waliojaribu kututoa ni wengi. Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta vyeo vya ukabaila mwaka 1790, kila mtu akawa "raia". Mwaka 1808 Napoleon akaanza kugawa vyeo vipya vya kikabaila. Marekani, mwaka 1789, Baraza la Seneti lilikaa wiki kadhaa likibishana rais aitweje. John Adams, makamu wa rais, alitaka kitu kizito, na kamati ikapendekeza "Mtukufu Rais wa Marekani na Mlinzi wa Uhuru Wao". Baraza la Wawakilishi likakataa, ikabaki "Bwana Rais", na Adams, aliyekuwa na kitambi, akaambulia utani wa "Mtukufu Mviringo". Katiba ya India, ibara ya 18, inaikataza dola kutoa vyeo isipokuwa vya kijeshi na vya kitaaluma. Kumbe mlango wa kitaaluma ukiachwa wazi ndipo wote wanapopita.

Austria ndiyo inanichekesha. Mwaka 1919 ilifuta vyeo vya ukabaila kwa sheria, mpaka kile kineno "von" kikatolewa kwenye majina. Ila vyeo vya kazi vikabaki, na kimojawapo ni Hofrat, maana yake mshauri wa baraza la mfalme. Mfalme hayupo tangu 1918. Baraza lake halipo. Washauri wake bado wanateuliwa.

Pekee ninaloliona lilishika ni la Sweden. Kule ilikuwa ni utovu wa adabu kumwambia mgeni "wewe", ulimtaja kwa cheo chake kana kwamba hayupo: "Je, Mkurugenzi angependa kuketi?" unamuuliza Mkurugenzi mwenyewe, na kama hujui cheo chake unakaa kimya au unazungukazunguka. Mwaka 1967 Bror Rexed, profesa, aliposhika uongozi wa bodi ya tiba ya taifa, aliwatangazia wafanyakazi wote kwamba atawaita kwa majina na wao wamwite Bror. Desturi ikaenea nchi nzima kwa miaka michache. Angalieni lakini aliyeanza ni nani. Lingetamkwa na karani wa masjala, angepewa barua ya onyo.


Kipaza Sauti

Na hamjajiona humu ndani? Tangu uzi uanze watu wameitana "mkuu" na "wakuu" mara ngapi? Hakuna anayemjua mwenzake, hakuna aliyeonyesha cheti, kila mtu ni mkuu. Mkuu wa nini? 😂


Mwana wa Shule

Hapo umetupata, mkuu.


Fomu Namba Tatu

Mimi nina swali kwa mleta mada, naona analikwepa tangu mwanzo. Wewe mwenyewe unachapa kadi. Kadi YAKO umeiandikaje?


Kiti cha Nyuma

Nakazia. Weka picha.


Mpanga Herufi (mleta uzi)

Picha siweki, ila nitasema ukweli.

Imeandikwa Mkurugenzi Mtendaji. Tupo wawili ofisini, mimi na mashine.

Kabla hamjanirukia: nilianza na jina na neno "mchapaji". Nilikwenda kwa wauza karatasi kuomba nichukue mzigo nilipe mwisho wa mwezi. Kijana wa kaunta akaisoma kadi, akanirudishia, akasema kwa upole kabisa, "Mwambie bosi wako aje mwenyewe." Nikarudi nikachapa nyingine usiku uleule. Wiki iliyofuata nikaenda sehemu nyingine nikiwa na shati lilelile, na nikapewa mzigo. Sijui ni kadi au ni duka tofauti. Lakini tangu siku hiyo sijaibadilisha, na nimewaandikia ninyi mstari baada ya mstari kuhusu mteja wa watu.

Nitawajibu wengine baadaye. Ndiye huyo anaingia sasa hivi, yule wa vifupisho saba, na boksi la kadi alizochukua juzi analo mkononi, halijapungua hata robo. Anasema kimeongezeka kimoja.